NDOA ISIYOANDIKWA NA HAKI YA MTOTO

Mtu ameoa kwa walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, lakini ndoa yake haikuandikwa popote. Je, watoto wake ni wa halali? Suala hili hutujia mara kwa mara huku kwetu Kitale na Bungoma.

Jawabu ya sharia ni wazi. Nikahi iliyotimiza nguzo zake ni sahihi, na mtoto ni wa baba yake kwa nasaba na kwa mirathi. Karatasi si nguzo ya ndoa. Mwenye kumwita mtoto huyo mwana wa haramu amemsingizia mama yake jambo zito.

Lakini tusikomee hapo tukajiona tumesalimika. Baba akifa, na ami zake mtoto wakamkana ili wagawane shamba, atasimama na hoja gani mbele ya Kadhi? Shahidi mmoja amekwisha kufa, wa pili alihama zamani. Haki yake yajulikana kwa Mwenyezi Mungu, lakini duniani haina wa kuisemea.

Basi mkosa ni nani? Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa zote ziandikishwe, za Kiislamu zikiwamo. Njia ipo, walioiacha ni sisi masheikh tufungishao ndoa tukaondoka baada ya pilau, na waume wanaomficha mke wa pili.

Wako wasemao kuandikisha ni jambo la serikali, si la dini. Twawauliza: aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamrisha nini ila kuandika deni? Ikiwa fedha huandikwa, nasaba ya mtu yaachwaje?

Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asinyimwe urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu hiyo. Wengi wetu walinung'unika. Lakini ni aibu kuwanung'unikia mahakimu juu ya watoto wa nje ya ndoa, hali sisi wenyewe twawaacha watoto wa ndani ya ndoa waonekane kama wa nje.

Ndugu yetu uliyeoa bila cheti, nenda kwa Kadhi na mashahidi wako wangali hai. Deni hili ni la mtoto wako, naye hana kosa. Wabillahi taufiki.