Gari Tunalitambua, Mtu Je?

Mtu anaangalia picha ya zamani iliyopigwa Marekani. Analitaja gari lililomo kwa jina la kampuni na mwaka wa toleo, lakini hajui lolote kuhusu mwanamke aliyesimama kando ya mlango wake. Je, tuseme ameielewa picha? Wenzangu hapa Kampala huniuliza magari ya Marekani ya kale yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Nami huwajibu kuwa swali hili linahusu kila picha, hata zile zilizo kwenye kuta za nyumba zetu. Kwa muda sasa nimekuwa nikipitia picha ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka wazi kwa umma, nikijifunza kuyatambua magari kwa alama zake. Hoja yangu ni kwamba kulitambua gari ni elimu ya kweli, ila elimu hiyo ina mpaka, na anayeuvuka mpaka huo huwadhulumu watu waliomo kwenye picha.

Kwanza tuone elimu yenyewe. Katika miaka ya 1920, kampuni ya General Motors chini ya Alfred Sloan ilijenga desturi ya kubadilisha sura ya magari yake mwaka hadi mwaka, ili mnunuzi alichoke la zamani na kulitamani jipya. Desturi hiyo ya biashara imetuachia kalenda. Chevrolet ya 1955 ina wavu mfupi wa mbele usiofika chini ya taa kubwa. Ya 1956 wavu wake umetanda upana wote wa gari. Ya 1957 ina mapezi yaliyochongoka nyuma. Studebaker za 1950 na 1951 zina pua ya duara katikati, kama ya ndege. Ford Model T ni ngumu zaidi: ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na mabadiliko yake mengi ni madogo. Hapo jicho huhitaji subira.

Sasa mpaka. Gari hutuambia kwamba picha haikupigwa kabla ya wakati fulani. Halituambii ilipigwa lini. Toleo la 1957 lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1956, kwa hiyo hata huo mwaka wa toleo si mwanzo kamili. Tena gari huishi muda mrefu. Katika mitaa ya Havana, Chevrolet za miaka ya 1950 bado zinabeba abiria, kwa sababu baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani vilivyofuata, magari mapya kutoka huko hayakuingia tena. Picha ya gari la 1955 huko Kuba yaweza kuwa ya 1956, ya 1990, au ya juzi.

Hapa ndipo suala la maadili linapoingia. Tuseme familia inaleta picha ya babu yao na kuuliza ni ya mwaka gani. Ukiwajibu "1957" kwa sababu tu gari ni la 1957, wataanza kuhesabu: nani alikuwa hai, nani alikuwa hajazaliwa, yule mtoto mikononi ni yupi. Jibu lako litageuka kuwa historia yao. Umewapa zaidi ya ulichonacho, na hawana njia ya kulijua hilo. Jibu la haki ni "si kabla ya mwishoni mwa 1956", kisha mtafute ushahidi mwingine pamoja. Kibao cha namba husaidia sana, kwa kuwa majimbo mengi yaliandika mwaka juu yake.

Jambo la pili linahusu jina. Kiswahili chenyewe kinatuonya: kuhusu gari tunauliza "nini", kuhusu mtu tunauliza "nani". Nimelitambua gari, nimemtambua mama. Kiambishi kimoja tu kimebadilika, lakini kazi si ile ile. Gari hutambuliwa kwa kufanana na mengine ya toleo lake. Mtu hutambuliwa kwa kutengwa na wote wanaofanana naye.

Mfano ninaoufikiria mara nyingi ni picha aliyoipiga Dorothea Lange mwezi Machi 1936 huko Nipomo, California, ya mama maskini akiwa na watoto wake katika kambi ya wachuma njegere. Picha ilienea duniani, lakini Lange hakumuuliza mama yule jina lake. Aliandika baadaye kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili inunue chakula. Jina la Florence Owens Thompson lilijulikana kwa umma mwaka 1978, miaka 42 baadaye. Familia yake ilikanusha habari ya matairi: gari lao, Hudson, lilikuwa limeharibika njiani, na waliondoka kambini kwa matairi yale yale. Maelezo ya gari yalikuwa na makosa, na wa kuyasahihisha hakuwa mtaalamu wa magari. Walikuwa ni wenye gari, ambao hakuna aliyekuwa amewauliza.

Wapo watakaosema kuwa gari lina alama za kiwandani na mtu hana, hivyo kutojua jina la mtu si kosa. Nakubali kwamba si kosa kutojua. Kosa ni kuandika maelezo chini ya picha kana kwamba gari peke yake ndilo lililokuwapo. "Hudson, miaka ya 1930" ni sentensi sahihi inayomfuta mtu. "Mwanamke ambaye jina lake halijajulikana, kando ya gari aina ya Hudson" ni sentensi inayoacha mlango wazi. Siku moja mjukuu anaweza kuisoma na kusema, "Huyu ni bibi yangu."

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: anayelitaja gari peke yake ameijua sehemu ya picha, na sehemu hiyo ina thamani pale inapotumika kuwatafuta watu. Mwaka wa toleo hupunguza miaka ya kutafuta, kibao cha namba hutaja jimbo, na jimbo huweza kufikisha kwenye jina. Nawaomba wenzangu, siku mtakapopewa albamu ya zamani nyumbani, mumuulize kwanza mzee aliye hai walio kwenye picha ni akina nani. Mwaka wa gari tutaweza kuutafuta hata baadaye.