Wewe Ndiye Mkubwa, Vumilia

Kijapani kinataka kujua nani alitangulia kuzaliwa kabla hakijakuruhusu umtaje ndugu yako. Kaka ni ani, mdogo wa kiume otōto. Dada ni ane, mdogo wa kike imōto. Neno kyōdai huwakusanya wote, kama ndugu letu, lakini ukitaka kumtaja mmoja sharti umpe nafasi yake kwenye foleni.

Hayo ni ya kumtaja. Kumwita ni mambo mengine. Mdogo humwita mkubwa wake onīchan au onēchan, naye mkubwa humwita mdogo kwa jina lake alilopewa. Hakuna anayeita, “Otōto, njoo ule.” Cheo hupanda, hakishuki.

Ajabu ni kwamba nyumba yenye ngazi namna hiyo hupima majina yake kwa kimo cha mtoto mdogo kuliko wote. Mwanaisimu Takao Suzuki alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1973: mume humwita mkewe “mama”, bibi humwita mwanawe wa kumzaa “baba”, kwa sababu ndivyo anavyoonekana na yule kitinda mimba. Sisi tuna Mama Asha na Baba Juma, lakini kwetu angalau Asha anatajwa. Kule mama anabaki mama tu, hata mumewe anapotaka chai. Nikiri kwamba hapo huwahurumia wanawake wa Kijapani kidogo, halafu nakumbuka majirani zangu ambao majina yao halisi siyajui.

Basi mtoto wa pili akizaliwa, yule wa kwanza hupoteza jina. Mama aliyemzaa naye huanza kumwita onīchan, na nyuma ya cheo hicho hufuata amri ambayo kila Mjapani aliyetangulia kuzaliwa anaifahamu: wewe ni kaka, vumilia. Mpe mwenzio. Usilie. Mimi ni kifungua mimba, na “mwachie mdogo wako” nimeisikia hadi ikanichosha. Nilidhani ni yetu peke yetu.

Zamani uvumilivu huo ulikuwa na malipo. Sheria ya kiraia ya mwaka 1898 ilimpa mkuu wa nyumba mamlaka juu ya jamaa zake, na kwa kawaida mwana wa kwanza ndiye aliyerithi cheo hicho pamoja na mali. Hata kabla ya sheria hiyo jambo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 1874 serikali ilitoa agizo kuhusu mapacha: atakayetoka kwanza ndiye mkubwa, maana wapo waliokuwa wakihesabu kinyume. Mwaka 1947, baada ya vita, urithi wa mtu mmoja ukafutwa na watoto wakagawana sawa. Mali iliondoka, amri ikabaki. Hilo kwangu si haki, ingawa sijaona nyumba iliyopata njia nyingine ya kunyamazisha watoto wawili wanaogombea kitu kimoja.

Siku hizi wa kugombana nao wanapungua. Mwaka 2024 wastani wa uzazi Japani ulikuwa watoto 1.15 kwa kila mwanamke. Mtoto wa wazazi ambao kila mmoja alizaliwa peke yake hana oji wala oba wa damu, yaani wajomba, baba wadogo, shangazi na mama wadogo wote kwa pamoja. Maneno hayo atayatumia kwa muuza samaki na kwa jirani, ambao Wajapani wamekuwa wakiwaita hivyo tangu zamani, kama sisi.