Vidonge vya Tumbo na Dhamiri ya Mlevi

Siku hizi vyauzwa vidonge na unga wa kutengeneza tumbo, vyenye vijidudu vyema vya jamaa moja na vile vya maziwa ya mgando. Mwaka 2022 huko Uingereza kilianza kuuzwa kidonge cha namna hiyo, cha kumeza kabla ya kunywa pombe, ili mnywaji asione taabu asubuhi. Basi yatupasa kuuliza: Je, mlevi ni mgonjwa wa tumbo tu, au ni mtu mwenye kosa? Tena, kidonge chaweza kushika mahali pa kiasi?

Tusiidharau elimu. Pombe nyingi huulegeza ukuta wa utumbo. Sumu za vijidudu hupenya, huingia katika damu, hufika kwenye ini na kulidhuru. Wala shari haikomi hapo. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walitoa habari za wagonjwa 60 wa ulevi. Baada ya majuma matatu bila pombe, wale ambao utumbo wao ulikuwa ukivuja walibaki na huzuni, wasiwasi na uchu wa pombe kupita wenzao.

Neno hili latufundisha huruma. Mara ngapi tumemcheka mtu aliyeapa kuacha, kisha akarudi kilabuni, tukamwita mnafiki? Huenda alikuwa akipigana vita visivyoonekana, ndani ya mwili wake mwenyewe.

Lakini huruma haifuti wajibu. Louvain walijaribu pia kuwapa wagonjwa unga wa nyuzi za mimea kwa siku 17. Habari zake zilitolewa mwaka 2022. Uchu wao haukupungua kuliko wa wale waliopewa unga usio dawa. Uchu wenyewe mtu hauchagui. Lakini kwenda kwa tabibu, kumwambia mke ukweli, kufikisha mshahara nyumbani kabla ya kupita kilabuni, hayo yamo mkononi mwake. Asiyeweza kushinda peke yake aweza kuomba msaada, na hapo ndipo wajibu wake unapoanzia.

Basi kidonge tukipime kwa nia. Akimezaye ili apate nafuu, hali ameazimia kuacha, hatendi vibaya. Akimezaye ili anywe zaidi ajidanganya. Aziba paa huku akiichoma nyumba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Na kidonge gani kitarudisha ada ya shule iliyonywewa, au neno kali alilotupiwa mtoto usiku?

Enyi wenye mlevi nyumbani, msimdhihaki, wala msimpe fedha ya chupa. Tena msimlazimishe kuacha ghafula pasipo tabibu, maana mnywaji wa miaka mingi aachaye kwa siku moja aweza kushikwa na degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitali, mketi naye, mngoje. Tumbo lina dawa zake. Moyo wa mtu huponywa pia na wale wasiomwacha.