Rovu la Shingoni: Kosa ni la Nani?

Na ifikiriwe habari ya mama mmoja wa vilima vya kaskazini ya kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Siku ya kuandikisha wakatekumeni wapya alimleta mwanawe wa kiume. Kijana alikuwa na miaka 18, lakini kimo chake kilikuwa cha mtoto wa miaka 7. Uso ulikuwa umevimba, ngozi kavu, mwendo wa pole, na maneno aliyoyajua yalihesabika. Mama mwenyewe alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa mbele ya shingo, kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

«Mwalimu,» alisema, «huyu naye aandikwe.»

Mzee mmoja aliyeketi karibu akacheka kidogo. «Mama, huyu atajibu nini siku Padri atakapomwuliza? Na kwanza, ulivunja mwiko gani ulipokuwa na mimba yake?»

Maneno ya mzee yalikuwa machache, lakini ndani yake mlikuwa na maswali mawili makubwa. La kwanza: ugonjwa huu ni adhabu ya kosa la nani? La pili: mtu asiyeweza kujifunza, je, ana haki ya kuomba ubatizo?

Swali la kwanza si geni. Evanjili ya Yoane, katika sura ya 9, inasimulia kwamba wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka Bwana awaambie kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Inafaa kuangaliwa kwamba hawakuuliza kama kosa lipo. Hilo waliliona kuwa hakika. Walitaka tu kujua la nani. Yezu Kristu aliwakataza wote wawili wasilaumiwe, kipofu na wazazi wake. Wala hakuwapa mtu wa tatu wa kulaumiwa. Hapo ndipo wengi vijijini huteleza: wakiisha kusikia kwamba si mtoto wala si mama, huanza kumtafuta shangazi, au jirani mwenye jicho baya, au mke mwenza. Bwana hakumtafuta mtu huyo. Alifanya tope kwa mate, akampaka kipofu machoni, akamtuma akanawe.

Kwa habari ya rovu, sababu yake imekwisha kujulikana, nayo haina uso wa mtu. Mbele ya koo la kila mtu kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Tezi hiyo hutengeneza maji yenye nguvu ambayo damu huyachukua mwilini mwote, yakaupa mwili joto, yakamkuza mtoto, yakaujenga ubongo wake tangu tumboni. Ili kuyatengeneza, tezi inahitaji iodini, tena kidogo mno: kiasi chote cha maisha ya mtu hakijazi kijiko kidogo cha chai. Lakini iodini haikai katika udongo wa milimani. Mvua ya karne nyingi imeiosha na kuipeleka baharini. Udongo ukiikosa, mimea huikosa. Mimea ikiikosa, watu huikosa. Ndipo tezi hujitanua ili inase hata chembe ndogo inayopita, na kujitanua huko ndiko rovu. Mama mwenye mimba akikosa sana, mtoto huzaliwa amekwisha pungukiwa, na hasara ya ubongo wake haiponyeki baadaye.

Idjwi yenyewe ilitoa fundisho ambalo ulimwengu wote umelisoma. Katika miaka ya 1960 waganga waliofanya kazi pamoja na kituo cha utafiti cha Lwiro walishangaa: kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, bali kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Hata hivyo iodini ilikosekana sawasawa pande zote mbili. Basi upungufu peke yake haukutosha kueleza. Uchunguzi uliofuata, huko na katika nchi ya Ubangi, ulionyesha mkono wa muhogo. Muhogo mchungu una sumu. Usipolowekwa vya kutosha, sumu hiyo hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi isishike hata ile iodini kidogo iliyopo.

Je, sasa mama ndiye mwenye kosa, kwa kuwa ndiye aliyepika? Kila mkatekumeni amefundishwa kwamba hakuna dhambi pasipo kujua na kutaka. Mama aliloweka muhogo siku moja kwa sababu watoto walilia njaa, wala hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba siku tatu au nne zinafaa zaidi. Aliwalisha watoto wake alichokuwa nacho. Mwenye kumhukumu kwa hilo amhukumu pia kila mama aliyewahi kuwasha moto wa jikoni.

Lakini ujuzi ukiisha kufika, mzigo huhama. Uswisi, nchi ya milima mirefu iliyojaa marovu zamani, ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na kizazi kilichofuata hakikuwa tena na watoto wa namna ile. Katika Kongo, chumvi yenye iodini ilienea katika miaka ya 1990. Tangu hapo anayejua na kuuza kwa siri chumvi isiyo na dawa, kwa kuwa ni rahisi, hawezi kujificha nyuma ya mvua na udongo. Vivyo hivyo mume anayejua, naye humnyima mkewe mwenye mimba pesa ya chumvi, lakini pesa ya pombe haimpungukii. Hapo swali la wanafunzi lapata jibu, ingawa si lile walilolitazamia.

Haki yataka kusema na jambo jingine. Wazee kadhaa wa Kivu walinung'unika kwamba chumvi mpya imewaletea moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mwili kukonda. Hawakuwa wakisema uongo. Mwaka 1996 waganga waliandika kwamba tezi za watu wenye marovu ya siku nyingi, zilizozoea njaa, ziliweza kufanya kazi kupita kiasi zilipopewa iodini kwa ghafula. Wazee hao walihitaji kwenda hospitali, si kuchekwa. Chumvi haikuachwa kwa ajili hiyo, maana iliwaokoa wale waliokuwa bado hawajazaliwa. Ilipasa tu kupimwa vema.

Limebaki swali la pili la mzee. Katika milima ya Alpes, ambako watu wafupi wasio na akili timamu walikuwa wengi, wenyeji waliwaita kwa neno la lugha yao lenye maana ya «Mkristu». Walitaka kusema: huyu naye ni mtu, si mnyama. Neno hilo liliingia katika Kifaransa likawa *crétin*, na leo watoto wa shule mjini hutukanana kwalo, bila kujua kwamba wanaitana Wakristu.

Eklezya haikungoja jina hilo ili iamue. Sheria yake ya mwaka 1917, na ile ya mwaka 1983 katika kanuni ya 852, humhesabu mtu ambaye hakupata kamwe matumizi ya akili kuwa sawa na mtoto mchanga kwa habari ya ubatizo. Mtoto mchanga hajibu lolote. Wazazi na Eklezya humjibia. Ubatizo si malipo ya masomo. Kama ungekuwa hivyo, mwenye kichwa chepesi angeununua, na maskini wa akili angebaki mlangoni.

Yule mwalimu alifungua daftari lake. «Mama, huyu anapenda nini?»

«Anapenda kengele. Ikilia, hutoka mbio namna yake, akafika watu wakiwa wamekwisha kuingia. Hukaa mlangoni mpaka wimbo wa mwisho.»

Mwalimu akamgeukia mzee. «Mzee, atahitaji baba wa ubatizo.»

Mzee alinyamaza kitambo kirefu, akiangalia chini. Kisha akamwuliza mama jina la kijana ni nani.