Ustadi Hapa, Kosa Kule

Je, tendo moja laweza kuwa ustadi mahali hapa na kosa mahali pale, ilhali mtendaji ni yule yule na nia yake ni ile ile? Wengi watasema haiwezekani. Michezo yatufundisha vingine.

Tutazame besiboli na softiboli, michezo ya kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo. Katika besiboli ya watu wazima, mkimbiaji aweza kuondoka kituoni kabla mpira haujarushwa. Akiwahi kituo cha mbele husemwa "ameiba", na watu humshangilia. Katika softiboli ya mpira wa kasi, chini ya WBSC, shirikisho la dunia lililoundwa mwaka 2013, akiondoka kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, ametolewa. Na katika besiboli ya watoto wadogo ya Little League, chama kilichoanza Marekani mwaka 1939, mtoto hungoja mpaka mpira umfikie mpigaji. Akitangulia, kwa kawaida hurudishwa tu alikotoka. Hatua ni moja, hukumu ni tatu.

Hata hapa Tongoni, kusini mwa Tanga, jambo hili lipo. Katika rede, wawili hurushiana mpira wakiwalenga walio katikati, na anayepigwa hutoka. Lakini je, anayedaka mpira humrudisha mwenzake aliyetoka? Kila uwanja una jibu lake. Basi tuseme amekuja kwa shangazi yake msichana kutoka Kenya, ambako mchezo wa namna hii huitwa kati. Anadaka mpira, anamwita mwenzake arudi, mara anapigiwa kelele: "Unatudhulumu!" Mchezo utakwisha jioni, lakini jina la mdhulumaji huenda likabaki naye likizo nzima.

Mtu ataniuliza: ikiwa kanuni hubadilika hivi, basi haki nayo ni mapatano tu? Sidhani. Kituo kiachwe lini, hayo ni mapatano. Lakini kuna mambo ambayo hakuna uwanja ulio na ruhusa ya kuyaacha: kanuni itajwe kabla ya mchezo, iwabane wote, wala isigeuzwe katikati kwa sababu mwenye mpira anashindwa. Pasipo hayo hakuna mchezo tena, pana ubabe tu.

Wahenga walisema ukifika kwenye miji ya chongo, nawe fumba jicho. Ni wasia mwema kwa mgeni. Ila mgeni atafumbaje jicho, na hakuna aliyemwambia kuwa huu ni mji wa chongo? Wajibu wa kwanza ni wa mwenyeji. Aliyejua kanuni akaivunja, huyo amedhulumu. Asiyeambiwa hana dhuluma, na anayemhukumu kabla ya kumfundisha ndiye anayemdhulumu.