Kabla ya Safu Kunyooka

Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini Diani, umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mwamba huu wa pwani yetu ulikuwa hai miaka ipatayo 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ukilipasua jiwe lake utakuta vijitundu vyenye umbo la nyota, kila kimoja makao ya kiumbe aliyekufa zamani.

Umbo limebaki, ila ndani mambo yamegeuka. Tumbawe hai, kama yale ya Wasini, hujijengea kwa aragonaiti. Likishatoka baharini, maji ya mvua hupenya, huiyeyusha kidogo kidogo na kuiunda upya kuwa kalsaiti. Kemikali ni ile ile: kalisi moja, kaboni moja, oksijeni tatu. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Jicho mara nyingi halitambui; eksirei hutambua. Unga wa jiwe ukimulikwa kwa eksirei za shaba, aragonaiti husimamisha kilele chake kikuu karibu na nyuzi 26.2, kalsaiti nyuzi 29.4. Njia hii tumeachiwa na Max von Laue, mwaka 1912, na akina Bragg, baba na mwana, waliomfuata.

Leo wapo wanaounda fuwele zenye matundu kwa makusudi, zile zilizowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Gramu moja tu ya fuwele hizo huweza kuwa na maelfu ya mita za mraba ndani yake. Ili kujua zinavyozaliwa, humulika mchanganyiko ungali motoni. Mwanzoni chati huonyesha kivimbe butu tu, ingawa viambato vyote vimo. Baadaye kilele huchomoza, chembamba, kikizidi kurefuka.

Hapo ndipo ninapokwama, na sitaki kupapita mbio. Eksirei haioni chumba kimoja cha fuwele. Huona chumba kilichorudiwa maelfu ya mara. Ni kama Ijumaa msikitini: watu wamekwisha kuingia, wengine wangali wanasalimiana, hakuna safu bado. Anayehesabu safu atasema hakuna jamaa. Lakini jamaa imo. Hata tumbawe lenyewe, wachunguzi wamegundua, huanza kujenga kwa chokaa isiyo na mpangilio wowote.

Kwa hiyo kilele si mwanzo. Ni ushahidi kwamba jambo limeshajirudia vya kutosha kuonekana. Tunapomwambia kijana wa Msambweni kwamba hajaanza kitu kwa kuwa hatuoni kitu, tunadai safu kabla ya wakati wake.

Na lile jiwe la ukutani? Mashine itasema ni kalsaiti, na itasema kweli. Nyota zake zinasema ni tumbawe. Mimi naamini zote mbili, kwa maana hakuna aliyeulizwa swali la mwenzake.