Binti wa Yeftha na Binti wa Agamemnon

Wapendwa katika Bwana, tunawasalimu nyote mlio Riyadh na Jeddah, pamoja nanyi mnaosoma ujumbe huu usiku, kazi zikiisha, kwa kuwa siku ya mapumziko hamkupewa. Leo tunasoma Waamuzi 11 kando ya hadithi ya Wayunani wa kale. Zote mbili zinauliza: je, ni haki mtoto mmoja atolewe ili nyumba nzima ipate nafuu?

Hadithi ya Wayunani ni mchezo wa Euripides, uliochezwa Athene mnamo mwaka 405 kabla ya Kristo. Mfalme Agamemnon yuko Aulis na jeshi lake, lakini merikebu haziwezi kuondoka kwa kukosa upepo. Mwaguzi anasema mungu mke Artemi anamtaka Iphigenia, binti wa mfalme. Baba anaandika barua nyumbani: mleteni, ataolewa na shujaa Achilles. Kisha anajuta, anaandika barua ya pili ya kumzuia, nayo inakamatwa njiani. Binti anafika akitazamia harusi, anakuta madhabahu.

Barua ya namna hiyo baadhi yetu tunaijua. Uliahidiwa kazi ya hotelini; ukafika ukakuta kazi nyingine kabisa, na pasipoti yako mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa Yeftha hakuna mwaguzi. Roho ya Bwana ilikuwa imekwisha kumjia (mstari wa 29) kabla hajaweka nadhiri yake. Mungu hakumdai kitu. Naye binti alipotoka kumlaki kwa matari, baba alimlaumu yeye kwa huzuni iliyompata! Baba wote wawili walilia kweli, lakini machozi yao hayakumwokoa mtoto.

Wengine humtetea Yeftha kwa Zaburi 15:4, inayomsifu asiyegeuka kiapo chake hata kikimletea hasara. Lakini hapo hasara ni ya mwapaji mwenyewe, si ya mwanawe. Torati ilikuwa na njia kwa aliyeapa bila kufikiri: aungame na kuleta sadaka (Walawi 5:4-6). Na kuwachoma watoto, Mungu asema hakuliagiza kamwe (Yeremia 7:31).

Mwishoni Iphigenia anakubali kufa kwa ajili ya Wayunani; binti wa Yeftha naye alimwambia baba atimize neno lake. Je, kukubali kwao kunawasafisha baba zao? Hapana. Waliombwa ridhaa wakati mlango umekwisha kufungwa. Hesabu ya mmoja kwa ajili ya wengi ni hesabu ya Kayafa (Yohana 11:50). Yesu aliutoa uhai wake mwenyewe, akasema hakuna amwondoleaye (Yohana 10:18). Basi tusichukue jina la msalaba tukalipa jambo alilofanyiwa mtu kwa hila.

Hatusemi kwamba kuja huku ni dhambi. Wengi wetu tulikuja tukijua, na karo ya wadogo zetu imelipwa kwa upendo. Tofauti ni hii: je, uliambiwa ukweli, na je, waweza kurudi?

Kwa hiyo twawaomba wazazi wetu nyumbani: binti akipiga simu akasema ameshindwa, msimjibu, "Vumilia mwanangu, deni la wakala halijaisha." Deni hilo lisiwe nadhiri ya Yeftha. Mwulizeni kwanza kama yu salama.

Nasi tulio huku tunalo la kufanya. Binti yule aliomba miezi miwili awe na wenzake milimani, nao hawakumwacha peke yake. Tuwatafute dada zetu walionyamaza siku nyingi, tujue wanakaa mtaa gani, na mwenye shida tumsaidie kuufikia ubalozi wake hapa Riyadh. Maandiko hayakututajia jina la binti wa Yeftha. Majina ya dada zetu tunayajua. Tuwaombee kwa majina hayo, na kuwapigia simu juma hili.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.